Mbuga au ibambasi? Kuutambua udongo mweusi wa bondeni Usukumani

Karatasi ya maabara iko mezani: mfinyanzi umezidi nusu ya udongo wote, pH imevuka 8, kalsiamu tele, kaboni kidogo. Sampuli imetoka chini ya mteremko, kusini mwa Ziwa Victoria, kwenye udongo mweusi ambao kila mtu pale kijijini anauita mbuga. Mtu wa mezani ataandika "Vertisoli", jina la kitaalamu la udongo wa mfinyanzi unaovimba na kupasuka, na kufunga faili. Namwomba asifunge kwanza. Hatua chache kupanda juu kuna udongo mwingine, wa kijivu hadi mweusi, nao unatuamisha maji, nao una pH ya juu, nao ni mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Wasukuma wanauita ibambasi. Ukimshauri mkulima wa ibambasi kana kwamba analima mbuga, umempotezea misimu, na pengine fedha za mbolea ambazo hazitarudi.

Kisa ninachokichambua ni cha mteremko wa kawaida wa Usukumani, ule unaoanzia kwenye miamba ya graniti na kuishia bondeni, kati ya Mwanza na Shinyanga. Viwango vya mpaka nitakavyovitaja ni vile vinavyotumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote. Tarakimu ndani ya hesabu ni za mfano, nimeziweka ili msomaji aone hesabu inavyokwenda.

Sampuli ilisimama wapi?

Hilo ndilo swali langu la kwanza, kabla sijasoma tarakimu yoyote. Usukumani jibu lake linapatikana haraka, kwa sababu wenyeji walishaupanga mteremko wote kwa majina. Juu kabisa ni luguru, kilima cha mawe. Chini yake ni isanga, mchanga wa chenga kubwa uliomeguka kutoka kwenye mwamba. Inafuata luseni, kichanga chepesi kinacholimika kwa jembe la mkono, na huko ndiko utakuta mihogo, karanga na viazi vitamu. Ukizidi kushuka unaingia itogolo, ambao juu ni kichanga cha kijivu na chini umelalia tabaka gumu lisilopitisha maji. Halafu ibambasi, mgumu zaidi na wenye magadi, yaani sodiamu nyingi. Na mwisho mbuga yenyewe, pana na tambarare. Penye chokaa nyingi kuna ibushi, udongo ambao wakulima wengi wanauthamini sana. Mtu akikutajia jina moja kati ya haya, ameshakuambia umbile la udongo, nafasi yake mteremkoni na mazao yanayokubali, vyote kwa mpigo.

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo kutoka Uingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, alipendekeza kwamba udongo wa Afrika Mashariki uchorwe kwenye ramani kwa minyororo ya namna hii, kutoka kilele hadi bonde, badala ya kila udongo kuchorwa peke yake. Mnyororo huo aliuita katena, na mwaka uliofuata, 1936, ikatoka ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Leo katena inafundishwa kwenye vyuo vya udongo sehemu nyingi duniani. Natamani wanafunzi wetu wa sekondari wajue kwamba wazo hilo lilizaliwa kwenye miteremko ya hapa nyumbani, ambako wakulima walikuwa wakiujua mpangilio huohuo kwa majina yao wenyewe.

Nguvu ya wazo la Milne ni kwamba udongo wa juu na wa chini umeunganishwa na maji. Graniti ya Usukumani ni ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na sehemu kubwa yake ni kwatzi na feldspari. Mvua ikiila feldspari, sodiamu, kalsiamu na silika huyeyuka na kushuka na maji yanayopita chini kwa chini. Kwatzi haiyeyuki kwa urahisi. Inabaki juu kama mchanga, pamoja na kaolinaiti, aina ya mfinyanzi maskini isiyo na nguvu ya kushika madini. Kule bondeni maji yanasimama, jua linayavuta, na yale yaliyoyeyuka hayana pa kwenda. Silika inaungana na magneziamu na aluminiamu kuwa smektaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kalsiamu inaganda kuwa vinundu vya chokaa. Sodiamu nayo hupenda kukusanyika kwenye sehemu ya chini ya mteremko, pale maji yaliyopita ardhini yanapozuiwa na tabaka gumu na kuanza kukauka, na hapo ndipo ibambasi inapotokea. Mwamba ni mmoja, lakini udongo unatofautiana kwa sababu ya mwendo wa maji.

Kwa hiyo sampuli iliyoandikwa "bondeni" bila maelezo mengine hainitoshi. Nataka kujua mwinamo. Kwenye mbuga halisi mara nyingi hauzidi asilimia 2, na macho hayauoni mpaka utumie kifaa. Nataka kujua mimea ya asili iliyobaki: ule mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi wanamoishi sisimizi, *Acacia drepanolobium*, ni shahidi mzuri wa udongo mweusi unaopasuka. Na nataka kujua kama uso wa ardhi ambayo haijalimwa una vituta na vishimo vinavyopokezana. Vinatokana na udongo wenyewe kujisukuma kutoka chini, na mahali pengine vituta hivyo huwa na vinundu vya chokaa juu yake.

Ndani ya shimo

Shimo la uchunguzi lichimbwe kiangazi. Wakati wa masika utachimba tope, na kila kitu unachokitafuta kitakuwa kimejifunga.

Ukuta wa shimo la mbuga unashangaza kwa jinsi usivyo na mipaka. Sentimita chache za juu ni chembe ndogondogo zilizolegea, halafu weusi unashuka chini karibu bila kubadilika, mita moja au zaidi. Sababu ni kwamba udongo wa juu huangukia ndani ya nyufa kila kiangazi, na masika yakija ule wa chini huvimba na kusukuma kando na juu. Chomoa bonge kwa kisu katikati ya ukuta, usilikate, liachie lipasuke lenyewe. Litatoka na umbo la kabari, limelala mshazari, na upande wake mmoja utang'aa kana kwamba umepigwa msasa, wenye mistari myembamba inayofuata upande mmoja. Uso huo umesuguliwa na bonge jirani wakati yote mawili yalipovimba bila nafasi. Dondoshea kinundu cheupe asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Kikitoa povu, ni chokaa.

Ukuta wa ibambasi hausemi hivyo kabisa. Juu kuna tabaka jembamba la kichangachanga, la kijivu, halafu ghafla, ndani ya sentimita chache, unagonga mfinyanzi mgumu uliosimama kama nguzo, na mara nyingine vichwa vya nguzo hizo ni vya mviringo. Mizizi haipenyi, inatambaa kwenye nafasi kati ya nguzo na nguzo, imebanwa hadi kuwa bapa. Mtu aliyeziona kuta hizi mbili mara moja hatazichanganya tena. Ndiyo maana ninasikitika kila ninapoona fedha zote za mradi zimekwenda kwenye vipimo vya maabara na hakuna hata shimo moja lililochimbwa.

Kuisoma karatasi ya maabara

Kipimo cha umbile la udongo kina mtego wake. Udongo wenye smektaiti na chokaa hushikamana, na usipotawanywa vizuri kwa dawa ya kalgoni na kutikiswa kwa muda wa kutosha, vibonge vidogo vya mfinyanzi huzama pamoja na mchanga. Haidromita, kifaa kinachoelea kwenye maji ya tope na kuonyesha uzito wake, ikisomwa kwenye sekunde 40 na tena baada ya saa 2, mfinyanzi utaonekana pungufu na mchanga utazidi, na udongo mzito utapewa jina la tifutifu. Kwa hiyo tarakimu ya mfinyanzi iliyo chini ya ulivyohisi kwa vidole irudishwe maabara ipimwe tena.

Vertisoli inadai mfinyanzi usiopungua asilimia 30. Lakini hebu tazama udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya ya kati, kule Kiambu na Nyeri kwenye chai na kahawa. Mfinyanzi wake mara nyingi unazidi asilimia 60, na haupasuki, haunati vile, maji yanapita ndani yake vizuri. Asilimia ya mfinyanzi peke yake haikuambii huo ni mfinyanzi gani.

Linaloamua ni uwezo wa mfinyanzi wenyewe kushika madini. Tuseme maabara imepata uwezo wa sentimoli 45 (kipimo cha kiasi cha madini kinachoweza kushikwa) kwa kilo ya udongo, na mfinyanzi ni asilimia 60. Gawa 45 kwa 0.6, unapata 75 kwa kilo ya mfinyanzi, na hata ukipunguza kidogo sehemu inayotokana na mboji, bado uko juu sana. Kaolinaiti safi hushika kati ya 3 na 15 hivi; smektaiti safi hushika 80 hadi 120. Kwa hiyo 75 inakuambia kwamba smektaiti ndiyo inayotawala, na kwamba huu ni udongo utakaovimba. Uhakikishe kwa kipimo cha kusinyaa: bonge lililolowa lenye urefu wa sentimita 10.6 likikauka likawa sentimita 10 kamili, limefika kiwango cha 0.06, na kuanzia hapo kwenda juu tunahesabu kusinyaa kuwa kukubwa.

Weusi nao unawadanganya wengi. Watu wanadhani udongo mweusi umejaa mboji. Kaboni ya mbuga ikipimwa kwa njia ya Walkley na Black, mara nyingi haifiki hata asilimia 2, na naitrojeni huwa haba. Mboji kidogo iliyopo imeshikwa kwa nguvu na smektaiti, imejipaka kwenye chembe zote, ndiyo inayotia rangi.

Kuna mahali ambapo karatasi yenyewe hupotosha kwa sababu ya njia iliyotumika. Chokaa huyeyuka kwenye amonia asiteti, dawa inayotumika kuyatoa madini yaliyoshikwa ili yapimwe, na kalsiamu ya vinundu inahesabiwa kana kwamba ilikuwa imeshikwa na mfinyanzi. Ukijumlisha kalsiamu, magneziamu, potasiamu na sodiamu utapata jumla inayozidi uwezo wote wa udongo kushika. Ukiona ujazo wa asilimia 130, ujue chokaa imeingia kwenye hesabu. Fosforasi ni hivyohivyo: dawa ya Bray, iliyotengenezwa kwa udongo wenye tindikali, huishiwa nguvu ikikutana na chokaa na kutoa jibu la chini kuliko ukweli. Kwenye pH ya juu namna hii itumike njia ya Olsen.

Halafu sodiamu, ambayo ndiyo mpaka wa kisa chetu. Chukua sodiamu iliyoshikwa, igawe kwa uwezo wote wa kushika, zidisha mara 100. Mbuga yenye sodiamu 4 kwa uwezo wa 45 inatoa asilimia 9 hivi. Ibambasi yenye sodiamu 5 kwa uwezo wa 25 inatoa asilimia 20. Kiwango kinachotenganisha ni 15. Ukiitazama sodiamu peke yake, 4 na 5, utasema zinafanana. Ukiigawa, moja ni udongo wa kulima na nyingine ni udongo wa magadi. Na kipimo hiki kifanywe kwa kila tabaka. Sampuli ya sentimita 0 hadi 20, ambayo ndiyo inayochukuliwa na karibu kila mradi wa mbolea, mara nyingi haifiki mahali magadi yalipojificha.

Mvua ndiyo inayofungua na kufunga

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu takwimu za hali ya hewa huwa zinabandikwa mwanzoni mwa ripoti kama mapambo, kisha hazitajwi tena.

Usukumani mvua huanza Novemba na kuisha Mei. Katikati, Januari na Februari, mara nyingi hulegea, halafu Machi inarudi kwa nguvu. Juni hadi Septemba ni ukame. Shinyanga hupata takriban milimita 800 kwa mwaka, na jua pamoja na upepo vina uwezo wa kuvuta maji mengi zaidi ya hayo. Joto halibadiliki sana kati ya mwezi na mwezi, kwa hiyo mwenye kuamua ni maji peke yake.

Kwenye mfumo wa uainishaji wa Marekani, Vertisoli inayobaki na nyufa za angalau milimita 5 kwa siku 90 au zaidi kwa mwaka, zikijumlishwa, inawekwa kundi la Usterti, ikiwa si ya jangwani ambako nyufa hazifungi kwa muda wa kutosha. Mbuga ya Usukumani inatimiza hilo kwa kiangazi tu, bila hata kuhesabu mlegeo wa Februari. Kwa hiyo takwimu za mvua zinaingia ndani ya jina la udongo. Ukiwa nazo za mwezi kwa mwezi unaweza kukadiria kundi kabla ya kufika shambani, na ukifika unahakikisha kwa kupima nyufa.

Faida yake haiishii kwenye jina. Fikiria mvua ya kwanza ya Novemba. Inaangukia ardhi iliyopasuka, maji yanaingia kwenye nyufa na kushuka moja kwa moja, na udongo unalowa kuanzia chini huku mabonge ya juu yakiwa bado makavu. Ukipima siku hiyo kasi ya maji kuingia ardhini utapata kasi kubwa ajabu. Rudi Aprili na kifaa kilekile, mahali palepale: nyufa zimefunga, udongo umevimba, maji yamesimama juu na karibu hayaingii kabisa. Vipimo vyote viwili ni sahihi. Ripoti inayotoa tarakimu moja ya upenyaji wa maji kwa mbuga, bila mwezi wala unyevu wa siku hiyo, haimsaidii mtu kuchimba mfereji wala kupanga siku ya kupanda. Uzito wa udongo kwa ujazo nao uko hivyohivyo, unabadilika kulingana na ulivyolowa, na ile pete ya chuma tunayochukulia sampuli kiangazi huingia kwenye bonge na kuikwepa nyufa, ikaonyesha udongo uliobana kuliko shamba lilivyo.

Wastani wa mwaka unaficha jambo jingine. Mbuga hushika maji mengi, lakini sehemu kubwa yake imeng'ang'aniwa na mfinyanzi kiasi kwamba mizizi haiwezi kuyanyonya. Ndiyo maana wiki mbili tatu za jua kali mwezi Februari zinaweza kuunyausha mmea mchanga juu ya udongo ambao kwa hesabu ya maabara una maji. Nyufa zikianza kufunguka zinakata mizizi midogo na kuachia unyevu wa chini utoke.

Jina, na kinachofuata baada ya jina

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, WRB, una utaratibu wake wa kuuliza: Solonetzi, yaani udongo wa magadi, inaulizwa kabla ya Vertisoli. Kwa hiyo mtu anayeiweka ile karatasi yetu mahali pake aanze na magadi. Je, kuna tabaka la chini lililoongezeka mfinyanzi, lenye umbo la nguzo, na sodiamu iliyofika asilimia 15? Likiwepo, ni Solonetzi, na ndivyo ilivyo kwa ibambasi yenye sifa hizo hata ikiwa nyeusi na hata ikipasuka kidogo. Lisipokuwepo, tazama mfinyanzi wa asilimia 30, nyuso zinazong'aa, mabonge ya kabari, na nyufa zinazofunguka na kufunga. Vikiwepo, ni Vertisoli, na kwa weusi wake itaongezewa sifa ya *Pellic*, na kwa chokaa iliyokusanyika *Calcic*. Itogolo yenye kichanga juu na mfinyanzi wa ghafla chini, bila magadi mengi, mara nyingi huangukia Planosoli.

Kwa mkulima wa mbuga maana yake ni hii. Udongo una nafasi finyu ya kulimika: ukikauka plau la ng'ombe linaruka juu ya mabonge, ukilowa linazama. Naitrojeni itahitajika, na kwenye pH ya juu fosforasi na zinki huwa vigumu kufikiwa na mizizi hata zikiwepo. Lakini unyevu uliobaki chini baada ya mvua ni hazina, na wakulima wa Mwanza na Shinyanga wanaijua: wanapanda dengu mvua zikielekea mwisho, na dengu inakomaa kwa maji ya ardhini wakati mashamba ya luseni yameshakauka. Karatasi ya maabara ikisomwa vizuri inaeleza tu kwa nini jambo hilo linafanikiwa.

Kwa ibambasi ushauri unageuka. Tabaka lisilopitisha maji, ambalo linaua pamba na mahindi, ndilo linalofaa majaruba ya mpunga, kwa sababu maji yakizungushiwa tuta hayapotei chini. Jasi inaweza kuiondoa sodiamu, lakini inahitaji maji mengi ya kuisafisha na njia ya kuyatoa, na kwa mkulima mdogo mara nyingi gharama haikubali. Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi ni malambo ya mifugo. Mfinyanzi wenye sodiamu nyingi hutawanyika ndani ya maji, na ukuta wa lambo uliojengwa kwa udongo huo hutobolewa na maji kutoka ndani mpaka unabomoka. Kabla ya kukubali udongo wa kujengea, chukua kibonge kikavu ukubwa wa njegere, kiweke taratibu ndani ya glasi ya maji ya mvua, usikoroge, usubiri. Kikimeguka na maji yakabaki maangavu, endelea na vipimo vingine. Maji yakigeuka kama maziwa kuzunguka kibonge, tafuta udongo mahali pengine.